Wiki 12 za kumwandaa kijana kwa UMISSETA: mwongozo kwa mzazi na mwalimu wa Mtwara na Lindi

Kila ifikapo Mei naletewa kesi ileile. Kijana ana kipaji, shule nzima inajua, ameitwa kwenye mchujo wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini. Siku ya kwanza anang'ara. Siku ya pili anashika nyuma ya paja, anachechemea hadi kwenye kivuli cha mkorosho, na safari yake imeishia hapo. Mama yake ananiuliza kwa uchungu: "Mwalimu, mbona nilimkimbiza kila siku wiki mbili nzima?"

Ndiyo maana ameumia, mama. Wiki mbili za kukimbizwa hazimjengi mtoto, zinamchosha tu, akaingia uwanjani akiwa amechakaa. Pumzi inahitaji wiki kadhaa kuongezeka, na kano na mifupa huchelewa zaidi ya pumzi. Kijana anajisikia mwepesi, kumbe magoti na nyama za paja bado hazijawa tayari kubeba wepesi huo.

Maelezo haya ni ya vijana wa miaka 13 hadi 18, wa kike na wa kiume, wanaocheza soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono au riadha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja na kalamu. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote.
- Simu yoyote yenye saa ya kuhesabia sekunde.
- Raba zinazomtosha. Za mtumba zinafaa, ila zikunje kwanza: zikunjike mbele penye vidole, si katikati. Kati ya kidole gumba cha mguu na ncha ya raba ibaki nafasi ya upana wa kidole cha mkono.
- Kamba ya kuruka, na kamba nyingine ya mita 10 ya kupimia uwanja.
- Vifuu vya nazi kama sita vya kuwekea alama. Koni za dukani zinafanya kazi hiyohiyo.
- Chupa mbili za lita moja na nusu. Ukizijaza mchanga mkavu, kila moja inapita kilo mbili.
- Bandeji ya kuvutika, sukari na chumvi.
- Kwa binti, sidiria inayoshika vizuri. Akicheza na hijabu, kitambaa kiwe chepesi kinachopitisha hewa.

Huhitaji jimu. Huhitaji unga wa protini. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu usimpe kabisa: vina kafeini na sukari nyingi, vinamkimbiza moyo na kumnyima usingizi.

## Hatua ya 1: Hesabu kurudi nyuma

Muulize mwalimu wa michezo tarehe ya mchujo wa kwanza unaomhusu. Fainali za taifa za UMISSETA kwa kawaida huwa mwezi Juni, lakini mwanao hataanzia huko. Ataanzia shuleni, kisha kata, wilaya na mkoa, na huko chini ndiko wengi wanakokatika. Kutoka tarehe hiyo rudi nyuma wiki 12, uandike kwenye daftari. Kwa shule nyingi utajikuta Januari au Februari.

Sasa tazama kilichomo katikati. Kwa ukanda wetu huo ni wakati wa mvua na joto la kunata. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia humo, na kila mwaka inawahi kwa siku kama kumi. Vyote viandike mapema ili visikushtue.

Umefanikiwa ukiwa na: ukurasa mmoja wenye wiki 12, mitihani, mwezi wa funga na tarehe ya mchujo. Kama zimebaki wiki nne tu, usijaribu kuzibana zote 12 humo. Fanya wiki tatu za Hatua ya 4 na ya 5 na moja ya Hatua ya 8, mwaka huu aende kwa kipaji chake.

## Hatua ya 2: Mpeleke kituo cha afya

Hii hatua watu wanairuka kwa sababu mtoto "mzima tu". Mwambie mhudumu kwamba kijana anaanza mazoezi mazito. Omba apimwe wingi wa damu, na kama hajawahi kupimwa siko seli, apimwe. Kama ana pumu, dawa yake ya kuvuta iwepo uwanjani, isibaki kabatini. Kama anaoga mabwawani na anaona damu kwenye mkojo, hicho huenda ni kichocho. Kina dawa, na kisipotibiwa kinammaliza damu taratibu huku wewe ukimwita mvivu.

Simamisha kila kitu mpaka daktari amwone ikiwa amewahi kuzimia *akiwa anakimbia*, anabanwa na kifua akijitahidi, moyo unamwenda mbio bila mpangilio, au kwenye ukoo yupo aliyefariki ghafla angali kijana. Usiseme ni upepo mbaya.

## Hatua ya 3: Pima alipo leo

Usipopima, wiki ya sita utakuwa unabishana na hisia zako. Pima mambo manne, asubuhi, baada ya siku ya mapumziko:

1. Mbio za dakika 12. Azunguke uwanja kwa mwendo anaoumudu hadi dakika ziishe, uandike mita. Usiamini kwamba uwanja wa shule una vipimo vya kitabuni. Tembeza ile kamba ya mita 10 kuuzunguka mara moja, ujue mzunguko wenu ni mita ngapi.
2. Mita 30 kwa kasi yote. Mara tatu, kati yake apumzike dakika tatu. Chukua muda mzuri.
3. Kuruka mbele kwa miguu miwili akiwa amesimama. Pima hadi kisigino cha nyuma.
4. Pushapu sahihi. Kiuno kikilegea, hesabu imeishia hapo.

Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Kwenye umri huu wawili wa darasa moja wanaweza kupishana ukuaji kwa miaka miwili, na yule aliyewahi kuota ndevu atamshinda mwenzake leo kwa sababu ya ndevu hizohizo.

## Hatua ya 4: Wiki ya 1 hadi ya 4, jenga pumzi

Ratiba ninayoitumia ni hii:

- Jumatatu: kukimbia taratibu
- Jumanne: nguvu (Hatua ya 5)
- Jumatano: kukimbia taratibu
- Alhamisi: mazoezi ya mchezo wake shuleni
- Ijumaa: mapumziko
- Jumamosi: mbio ndefu kidogo, kisha nguvu
- Jumapili: mapumziko kamili

Wiki ya kwanza dakika 20, ya pili 25, ya tatu 30, ya nne rudi 20. Hiyo ya nne si uvivu. Ndiyo wiki ambayo mwili unalipa deni la tatu zilizopita.

Mwendo uwe upi? Akimbie huku anaweza kukusimulia jambo kwa sentensi nzima bila kukatika. Mchakamchaka wa shule unafaa kabisa, kwa sababu anayeimba anapumua. Tatizo ni pale kiranja anapougeuza mashindano. Akishindwa kuitikia wimbo, apunguze mwendo.

Saa za mazoezi. Saa 12 asubuhi, au kuanzia saa 10:30 jioni. Joto letu la pwani lina unyevu, jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Akianza kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au kuongea ovyo, mvute kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mkimbize hospitali.

Ufukweni. Walio Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa wana bahati ambayo hawaitumii vizuri. Nenda maji yakiwa yamekupwa, ukimbie kwenye mchanga uliolowa na kushikana. Mchanga mkavu unaozamisha mguu ni wa dakika tano mwishoni, si wa nusu saa. Unavuta kano za kisigino. Ufukwe pia umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo nusu aende upande mmoja na nusu arudi, la sivyo mguu mmoja utabeba kazi ya miwili. Kwa ndugu zetu wa uwanda wa juu, Newala na Tandahimba, barabara za mchanga zinahitaji tahadhari hiyohiyo.

Kazi za nyumbani nazo ni mazoezi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mabinti wengi wanapoharibikiwa. Mtoto anatembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi, anateka maji, wakati wa palizi anashinda shambani, halafu jioni unamwambia akimbie nusu saa. Huyo hana upungufu wa mazoezi, ana upungufu wa pumziko. Andika kwenye daftari dakika za kutembea na ndoo alizobeba. Siku yenye mzigo mkubwa, futa mbio. Na kaka yake aliyekaa barazani naye ana mabega ya kubebea ndoo.

Kanuni nyepesi: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka yake. Wa miaka 14, saa 14 ndiyo dari, na si lazima alifikie.

Umefanikiwa ukiona: mwisho wa wiki ya tatu anakimbia dakika 30 huku anaongea, na asubuhi yake anaamka bila kulalamika miguu.

## Hatua ya 5: Nguvu bila vyuma, mara mbili kwa wiki

Wapo wanaoamini mazoezi ya nguvu humdumaza mtoto. Hayamdumazi, mradi afanye kwa mtindo sahihi na asishindanie uzito. Kinachomwumiza ni kunyanyua gurudumu la lori ili wenzake wapige picha.

Kila zoezi mara 8, mizunguko miwili. Hadi wiki ya nane afike mara 12, mizunguko mitatu.

1. Kuchuchumaa na kuinuka. Visigino chini, magoti yafuate uelekeo wa vidole. Baada ya wiki tatu ashike zile chupa za mchanga.
2. Kupiga hatua ndefu mbele na kushuka, mguu mmoja mmoja.
3. Pushapu. Asiyeweza aanzie ukutani, kisha kwenye benchi, kisha chini.
4. Kukaa kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu, sekunde 20 kupanda hadi 45.
5. Kuinama kwa magoti. Apige magoti kwenye mkeka, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nguvu, ainame mbele polepole akiwa amenyooka kutoka goti hadi kichwa, apokee chini kwa mikono. Anza na mara 3 tu, kesho yake atakuja analalamika.
6. Kuruka na kutua. Aruke juu, atue kimya kama paka, magoti yamekunjwa na hayakutani.

La tano na la sita ndiyo sababu ya hatua hii yote. La tano linakomaza nyama za nyuma ya paja, zilezile zilizomtoa yule kijana wa Mei. La sita linalinda goti. Mabinti wa netiboli na kikapu huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na mara nyingi ni wakati wa kutua, magoti yakiingia ndani. Mazoezi haya yamo pia kwenye programu ya FIFA ya kupasha mwili iitwayo 11+, inayochukua kama dakika 20. Mwalimu mwenye timu nzima aichukue hiyo moja kwa moja.

Usivuke: mtindo ukiharibika, mzunguko umekwisha hata kama hesabu haijatimia.

## Hatua ya 6: Wiki ya 5 hadi ya 9, ongeza kasi

Jumatatu na Jumatano zinabadilika. Jumamosi inabaki kama ilivyo, dakika 30 hadi 40. Wiki ya nane iwe nyepesi kama ilivyokuwa ya nne.

Jumatatu, kasi tupu. Baada ya kupasha mwili dakika 15, mita 30 mara 6, kwa nguvu zote. Arudi akitembea, na apumzike hadi dakika mbili zitimie. Walimu wengi wanakosea hapa: wanapiga filimbi mtoto angali anahema. Anayekimbia akiwa amechoka hafundishwi kasi, anafundishwa kukimbia pole. Penye kilima, kama vile vilivyo nyuma ya Mikindani na mji wa Lindi, badilisha wiki moja moja: mita 40 za kupanda, mara 6, kushuka ni kwa kutembea.

Jumatano, pumzi kali. Dakika moja mbio, dakika mbili kutembea, mara 6. Kila wiki ongeza moja hadi zifike 9. Mchezaji wa soka au mpira wa mikono afanye dakika yake kwa kukata kona: vifuu viwili umbali wa mita 10, kwenda na kurudi. Wa netiboli aongeze kusimama ghafla kwa mguu mmoja. Wa wavu apunguze mbio na kuongeza kuruka, ila miruko ya nguvu isizidi 60 kwa siku. Wa mbio ndefu ashike barabara, hana haja ya vifuu.

Kuhusu kupasha mwili: kukimbia polepole, kuzungusha nyonga, kuinua magoti, kurusha miguu, kisha mbio tatu za kuongeza mwendo. Kule kujivuta na kushikilia misuli nusu dakika nzima kuweke mwishoni, mwili ukiwa wa moto.

Umefanikiwa ukiona: kipimo cha wiki ya tisa kinaonyesha mita zaidi kwenye zile dakika 12, na muda wa mita 30 umeshuka hata kwa sekunde kidogo. Kasi haishuki kwa kishindo. Kama mita za dakika 12 zimepungua, amechoka: mpe siku nne bila mbio, upime tena.

## Hatua ya 7: Chakula, maji na usingizi

Kusini hatuna njaa ya vyakula vya mwanamichezo. Tuna tabia ya kuuza korosho na karanga zote na kubaki na ugali wa muhogo kwa kisamvu. Muhogo unatoa nguvu lakini protini yake ni ndogo mno. Kila sahani ya ugali iwe na kitu kimoja kati ya dagaa, samaki, mbaazi, kunde, choroko au mayai. Asubuhi muhogo wa kuchemsha au ming'oko na chai si vibaya, mradi pawepo na kiganja cha karanga. Unga wa muhogo mchungu uwe umelowekwa na kukaushwa sawasawa. Ukiharakishwa unabaki na sumu inayoweza kupooza miguu, na hapo mazoezi yote ni bure.

Kwa mabinti walio kwenye hedhi, damu hupungua haraka. Dagaa, mbaazi na kisamvu vyenye kipande cha limau au embe pembeni, kwa kuwa vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo na si mjamzito, chakula hakilingani na kazi. Punguza mazoezi, ongeza chakula, mwone daktari.

Maji: anywe kabla hajasikia kiu, mafunda kadhaa kila dakika 15 au 20. Zoezi likizidi saa moja kwenye joto, changanya lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya msawazo. Dafu nalo linafaa. Mkojo wa rangi ya chai unamaanisha hajanywa.

Mwezi wa funga. Usimkataze mtoto kufunga na usimwachishe mazoezi. Mbio za taratibu zifanyike dakika 30 kabla ya futari, ili akimaliza anafungua. Nguvu na kasi zihamie usiku, saa moja au mbili baada ya futari nyepesi, au baada ya tarawehe. Punguza kila kitu kwa theluthi moja. Maji ayagawe kati ya futari na daku, asiyagugumie yote alfajiri. Daku iwe na maharage au uji mzito wenye karanga, si chai na mandazi mawili.

Usingizi: saa 8 hadi 10. Simu ilale chumba cha mzazi. Na kigodoro, ile ngoma ya mtaani inayokesha Jumamosi, kitamwondolea alichokijenga Jumamosi hiyohiyo.

## Akiumia katikati ya safari

Kwetu kifundo kikiteguka, bibi anaweka maji jikoni, kisha panakandwa na kuchuliwa hadi mtoto alie. Shikamoo bibi, lakini siku mbili za mwanzo joto na kuchua kwa nguvu huongeza uvimbe. Mguu upumzike, uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji bila kukaza hadi vidole vife ganzi, uwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Asiyeweza kukanyaga hatua nne aende kupigwa picha.

Maumivu ya kivimbe kilicho chini kidogo ya kilegesambwa, au ya kisigino, kwa kijana anayerefuka haraka, mara nyingi ni mfupa unaokua kuvutwa na kano. Hupungua ukipunguza kuruka na mbio kwa wiki chache. Usimfunike na vidonge vya maumivu ili acheze; kidonge kinanyamazisha kengele, moto unaendelea.

Akigongwa kichwa akachanganyikiwa, hata kwa dakika moja, harudi uwanjani siku hiyo. Kocha akibisha, mtoe wewe.

## Hatua ya 8: Wiki ya 10 hadi ya 12, punguza

Hatua hii ni ngumu kwa mzazi kuliko kwa mtoto. Wiki ya 10 ni kama ya 9. Wiki ya 11 ondoa theluthi moja ya kazi, wiki ya 12 ondoa nusu. Kasi ibaki ileile, idadi ndiyo ishuke: badala ya mbio 6 za mita 30, mbili hadi tatu. Zoezi la nguvu la mwisho liwe siku tano kabla ya mchujo.

Atakuwa na nguvu za ziada na hatatulia, atakuomba akimbie. Mkatalie. Raba mpya, njumu mpya, chakula kipya, vyote vikae nje ya wiki hii. Kama anasafiri mbali, tuseme Liwale hadi Lindi mjini, afike siku moja kabla, na akishuka kwenye gari atembee dakika 20 kabla ya kulala.

Siku yenyewe ale saa tatu kabla ya kucheza: wali au ugali kiasi na samaki, mafuta kidogo. Apashe mwili dakika 20, akamalize karibu kabisa na filimbi, si kukaa juani nusu saa akisubiri wageni waheshimiwa.

Akipita na hatua inayofuata iko wiki tatu mbele, mpe siku mbili za kutembea tu. Kisha rudia wiki ya 9, ya 11 na ya 12 kwa mpangilio huohuo. Akiitwa kambini, mpe daftari lake, kocha wa mkoa aone ameshafanya nini kabla hajaanza kumkimbiza upya.